Umati wa Boti: Jinsi Seva Hupimwa Kabla Watu Hawajafika

Tarehe 27 Januari 2014 kuna bili moja haikulipwa, na kwa sababu yake vita vikapiganwa kwa saa 21. Si bili ya stima wala ya maji. Ilikuwa bili ya kumiliki mahali ambapo hapapo: mfumo wa nyota unaoitwa B-R5RB, ndani ya mchezo wa kompyuta wa EVE Online, ambao huendeshwa na kampuni ya CCP kutoka Iceland. Kikundi cha wachezaji kilichoshikilia eneo hilo kilitakiwa kulilipia kwa pesa za mchezo. Malipo hayakuingia. Kama walisahau au mpangilio wa kujilipa wenyewe ulikataa kufanya kazi, huo ulikuwa ubishi mrefu. Maadui wao hawakungoja ubishi uishe. Waliingia na meli zao, wenyewe wakaja kujitetea, na habari ilipoenea kila mtu akataka kuwa hapo.

Wachezaji zaidi ya 7,500 walihusika kwa jumla, na kuna wakati walikuwa 2,670 kwa pamoja ndani ya mfumo huo mmoja. Meli zilizoharibiwa zilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 300,000 za Marekani, ukigeuza pesa za mchezo kuwa pesa za kweli.

Utauliza, sasa sisi watu wa pesa za simu tunatafuta nini kwenye vita vya meli za angani? Kwanza, tukubaliane kwamba ukisikia bili moja imekosa kulipwa na hasara ikafika huko, kama uko kwenye biashara ya malipo lazima usimame usikize. Lakini kilichotuvuta zaidi ni kitu kingine. Seva ilibeba. Ilikwenda polepole sana, kama lori lenye mzigo kwenye mwinuko wa Mai Mahiu, lakini haikuzima. Na swali letu likawa: watu wa kampuni hiyo walijuaje mapema kwamba umati wa namna hiyo unaweza kubebeka? Hauwezi kuwaita watu elfu mbili waje wakusaidie kujaribu kila Jumanne.

Jibu ni kwamba unatengeneza watu bandia.

Umati ni mzito kuliko idadi yake

Kabla ya kufika kwa hao watu bandia, elewa kwanza kwa nini dunia pepe, yaani mahali pa kompyuta ambapo watu huingia na kuonana wakiwa na miili ya kuchorwa, ni kazi ngumu kwa seva kuliko tovuti ya kawaida. Ukifungua tovuti ya habari, wewe na msomaji mwingine hamjuani. Seva inawapa kila mtu ukurasa wake na mambo yanaisha. Kwenye dunia pepe, mkono wangu ukiinuka, wewe uliye karibu lazima uuone ukiinuka, na kila mtu mwingine pia.

Fikiria chama chenu cha watu 10. Kila mmoja akipiga hatua moja, wale 9 wengine lazima wajulishwe. Hizo ni taarifa 90. Si nyingi. Wakiwa 100, taarifa zinakuwa 9,900. Wakiwa 1,000, zinafika 999,000, na hiyo ni kwa hatua moja tu ya kila mtu. Watu wameongezeka mara kumi, kazi imeongezeka karibu mara mia. Halafu kumbuka hatua hazipigwi moja kwa dakika. Kwenye Second Life, dunia pepe iliyofunguliwa na Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, seva hujaribu kuhesabu upya hali ya eneo zima mara 45 kwa kila sekunde. Eneo lenyewe ni mraba wa mita 256 kwa 256, na kila eneo lina programu yake ya seva inayolisimamia. Ndiyo maana tamasha likifanyika humo, kinachojaa ni eneo lile moja, wakati jirani yake hakuna mtu na seva yake inapiga miayo.

Kwetu kwenye pesa, kwa kiasi kikubwa hali ni nafuu. Ukimtumia shangazi yako Bungoma shilingi 500, hilo ni jambo la akaunti mbili, na mtu anayetoa pesa Kilifi hahitaji kujua. Lakini kuna siku ambapo pesa nazo hugeuka kuwa tamasha la eneo moja. Wiki ya kufungua shule, wazazi mia kadhaa wanalipa karo kwenye akaunti moja ya shule ndani ya saa hiyo hiyo. Kila malipo lazima yabadilishe salio lile lile, na salio moja halibadilishwi na watu wawili kwa wakati mmoja bila kupangwa, la sivyo hesabu zinaharibika. Kwa hivyo wanasimama foleni ambayo wewe huioni. Mfumo mzima unaweza kuwa umetulia kabisa, lakini mlango wa shule moja umebanwa. Hii ndiyo sababu rafiki yako anakwambia "kwangu iko sawa" na wewe kwako menyu inazunguka tu. Nyote wawili mnasema ukweli.

Boti ni nani hasa

Mwaka 2007 ulianza mradi wa OpenSimulator, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kujiwekea dunia pepe inayofanana na Second Life kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ndani ya mradi huo kuna kifaa kidogo kinaitwa pCampBot, na tunakipenda kwa sababu kinaonyesha wazo lote bila siri.

Kazi yake ni kuingiza boti. Boti hapa ni klayenti bandia: programu inayoongea na seva kwa lugha ile ile ambayo programu ya mtu wa kweli huongea, ila haina skrini wala picha. Kwanza unafungua akaunti nyingi zenye majina yanayofuatana kwa nambari na nywila moja. Kisha unaiambia pCampBot: niletee 50. Zinaanza kuingia moja moja, na unaweza kuamua zipishane kwa muda gani. Kutoka hapo unachagua tabia zao. Kuna tabia ya kurukaruka na kugongana ovyo ili seva ihesabu miili inavyosukumana. Kuna ya kugusagusa vitu, kuna ya kuruka kutoka eneo moja hadi lingine, kuna ya kuvuka mpaka kwa miguu. Na kuna ile ya kukaa tu bila kufanya chochote.

Kwa seva, hao wote ni watu. Haina macho ya kujua kwamba hakuna mtu nyuma ya skrini. Na kwa kuwa boti haichori picha yoyote, kompyuta moja inaweza kubeba boti nyingi badala ya mtu mmoja. CCP nao walijitengenezea klayenti wa aina hiyo, mwembamba, asiye na picha, hasa kwa ajili ya kutafuta sababu za mchezo kukwama watu wakijaa. Watafiti wa Intel, wakitumia OpenSimulator, walitenganisha kazi za seva: hesabu za miili kugongana mahali pake, mazungumzo na klayenti mahali pake. Kwa njia hiyo walionyesha eneo moja likibeba watu wapatao 1,000, kitu ambacho seva ya kawaida ya eneo moja isingethubutu.

Ukishapata boti zako, hauziachilii zote mara moja. Unaanza na chache, unapima, unaongeza, unapima tena, hadi uone mahali ambapo majibu yanaanza kuchelewa. Hiyo ndiyo nambari unayoitafuta. Baadaye unafanya jaribio la pili la ukatili zaidi: zote kwa mpigo, kama geti la uwanja wa Kasarani likifunguliwa. La tatu ni la subira: unaacha boti chache zikizunguka usiku kucha na mchana wake, kwa sababu kuna seva ambazo ziko sawa kwa saa moja lakini zinajaza kumbukumbu yake kidogo kidogo hadi zinaanguka saa kumi alfajiri wakati hakuna anayeziangalia.

Jambo moja kuhusu kupima, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyana bila kukusudia. Ukisikia kampuni yoyote ikijisifu kwa wastani, uliza zaidi. Chukua watu 100. Watu 95 wamejibiwa ndani ya sekunde 1, watu 5 wamengoja sekunde 40. Wastani wao ni chini kidogo ya sekunde 3, na kwenye ripoti inaonekana vizuri sana. Lakini wale watano washakasirika, wamebonyeza tena, na mmoja wao amesimama kwa kaunta ya dawa na mtoto mgonjwa. Anayepima kwa uaminifu huwatafuta hao watano kwanza.

Boti ina adabu kupita kiasi

Sasa tufike mahali pagumu. Boti inaweza kukupa jibu zuri ambalo si la kweli.

Ya kwanza ni ile boti ya kukaa tu. Mia moja zikikaa kimya seva haina shida, na mtu mvivu anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba eneo limebeba watu mia. Halafu siku ya sherehe watu wanafika wamevaa nguo za madoido, wanacheza densi, kila mmoja amebeba vitu vyenye programu ndogondogo ndani yake, na eneo linakwama wakiwa 60.

Ya pili ni pale zilipo. Mara nyingi boti huendeshwa karibu na seva, pengine jengo hilo hilo, kwa waya. Mteja wetu yuko Lodwar kwa netiweki ya upau mmoja, au yuko ndani ya matatu inayopita kwenye bonde ambapo simu hupotea na kurudi. Mfumo uliopimwa na boti za jirani tu haujapimwa. Na saa zingine kinachochoka kwanza ni kompyuta inayobeba boti zenyewe, seva ikilaumiwa bure.

Ya tatu ni mlango. Tarehe 15 Mei 2012 kampuni ya Blizzard ilitoa mchezo wa Diablo III, na ulitaka mchezaji aunganishwe na seva hata akicheza peke yake. Watu waliingia wote kwa pamoja, na wengi sana wakaishia kwenye ujumbe mmoja, kosa namba 37, uliowaambia kwamba seva zina shughuli nyingi wajaribu tena baadaye. Ndani ya nyumba kunaweza kuwa na viti vya kutosha, lakini kama mlango ni mmoja, watu watalala nje. Kuingia ni kazi nzito: kukagua nywila, kuleta vitu vyako vyote, kukupangia nafasi. Boti ambazo zimeingia pole pole hazikuonyeshi hilo.

Lakini kubwa kuliko hizo zote ni kwamba boti haina haraka. Ukiichelewesha, inangoja. Mtu hangoji. Mtu anabonyeza tena. Akikosa jibu anatoka, anaingia upya, anabonyeza mara ya tatu, anamwazima mke wake simu ajaribu kwa hiyo. Seva ambayo ilikuwa imezidiwa kidogo na maombi 1,000 sasa ina maombi 3,000 kutoka kwa watu wale wale, na kadiri inavyochelewa ndivyo yanavyozidi. Wapimaji wazuri huziandikia boti zao ukosefu wa subira kwa makusudi: zikate simu katikati, zirudie, ziingie upya. CCP wao huenda mbali zaidi, huwaalika wachezaji wa kweli kwenye seva ya majaribio inayoitwa Singularity, wanajazana mahali pamoja na kupigana, ili waone kile ambacho boti haikufikiria kukifanya. Kwa maoni yetu hakuna boti iliyowahi kufikia ubunifu wa Mkenya aliyekwama na muamala saa mbili usiku wa tarehe 31.

Seva ikizidiwa, ifanye nini?

Kila kitu kina kikomo, na kupima kwa boti hakuondoi kikomo. Kunakwambia kiko wapi, ndipo uamue mapema seva ifanye nini ikikifikia.

EVE Online walichagua njia ya ajabu, nayo ni kupunguza mwendo wa saa. Zamani, mfumo ukijaa, ulikuwa unabonyeza kufyatua bunduki na hakuna kinachotokea kwa dakika kadhaa, kisha unagundua meli yako ilishakufa kitambo. Sasa seva ikizidiwa, inachelewesha muda kwa kila mtu aliye kwenye mfumo ule, hadi asilimia 10 ya mwendo wa kawaida. Bunduki ya kupiga kila sekunde 5 inapiga kila sekunde 50. Ndiyo maana vita vya B-R5RB vilichosha watu hivyo. Lakini kila amri ilipata zamu yake, na hakuna aliyepunjwa kwa kuwa netiweki yake ni ya bei nafuu.

Kwenye malipo hatuwezi kukufanyia hivyo. Saa yako ya mkononi haitachelewa kwa sababu yetu, konda hatangoja, na menyu ya simu ya kawaida ina muda wake mfupi ambao ukiisha inajifunga yenyewe. Kinachobaki ni njia mbili: kukuweka kwenye foleni, au kukukataa waziwazi na haraka. Sisi tunaamini kukataliwa waziwazi ni heshima. "Imeshindikana, pesa zako ziko" ni jibu zuri kuliko kimya. Kimya ndicho hatari.

Tueleze kwa nini. Ukibonyeza kutuma, ombi lako linasafiri hadi kwa seva na jibu linasafiri kurudi. Ukikosa jibu, hauna njia ya kujua ni safari gani iliyokatika. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, pesa zikatoka, na ni jibu tu lililopotea njiani. Kwa macho yako hali hizo mbili zinafanana kabisa. Kila ombi lina nambari yake ya kipekee, na likifika mara mbili kwa sababu ya netiweki, mfumo uliojengwa vizuri unalitambua na kulihesabu mara moja. Lakini ukirudi kwenye menyu na kuanza upya, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Kwa mfumo, umeamua kutuma mara mbili. Mzazi wa karo ya shilingi 12,000 anaweza kujikuta amelipa 24,000 kwa dakika tatu za wasiwasi, na kuzirudisha pesa zilizokwisha kuingia kwa akaunti ya mwingine si kazi ya dakika tatu.

Kwa hivyo muamala ukinyamaza, weka simu chini kwanza. Usianze upya. Baada ya dakika chache angalia salio lako, kisha omba taarifa fupi ya miamala yako ya mwisho. Kama pesa zimetoka na muamala uko kwenye orodha, umemaliza, hata kama meseji haijakuja, itakuja. Kama salio liko vile vile na orodha haina kitu, sasa jaribu tena. Kama salio limepungua lakini orodha haionyeshi chochote, hapo ndipo pa kutupigia, ukiwa na saa na kiasi ulichotuma.

Wewe mwenye duka, geuza hilo upande wako. Siku mfumo uko polepole ndiyo siku ambayo mteja atakuonyesha meseji kwenye simu yake na kusema "si unaona imeenda, yako tu ndiyo imechelewa." Pengine ni kweli. Pengine meseji hiyo aliiandika mwenyewe jana usiku. Angalia salio lako, si simu yake, na mzigo ubaki kaunta hadi uone.

Na siku hizo hizo kuna watu hupiga simu wakijiita wahudumu, wanasema wameona muamala wako umekwama na wanataka kuusukuma kutoka ofisini, wewe utoe tu PIN. Hakuna muamala unaosukumwa kwa PIN yako kutoka ofisini. Boti zetu za majaribio hutumia laini za bandia na pesa za bandia, kwenye mfumo uliotengwa, na hakuna jaribio lolote linalohitaji kitu kutoka kwa mteja. Ukata simu, umemaliza.

Kuna jambo moja la EVE tumeliiga bila aibu. Wachezaji wakijua kuna vita kubwa inakuja, wanajaza fomu kuiarifu kampuni, na mfumo wa nyota unaohusika unahamishiwa kwenye seva yenye nguvu zaidi kabla ya siku yenyewe. Basi kama wewe ni bursa wa shule, mhazini wa kanisa linalopanga harambee, au unauza tiketi za tamasha na zitafunguliwa saa nne kamili asubuhi, tupigie kituo cha huduma siku kadhaa mapema. Tuambie nambari ya akaunti, tarehe, saa, na takriban watu wangapi unawatarajia. Tutatuma boti kwanza.